Mzee wa Al Sadd Aliyejizika

Al Mansoura, Doha,
Ijumaa jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, na kabla sijafika mbali naomba unijibu moyoni mwako ingawa sitakusikia: magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma Milka ilikufikia, au iliishia kwenye magoti ya watu wengine huko njiani? Shemeji Tony aliniambia kwenye simu kwamba mvua ya Ugenya safari hii haikuwaonea, na kwamba ng'ombe mwekundu amezaa jike. Nilifurahi sana. Habari za mwanangu Stacy sina haja ya kukuuliza, maana kila tukizungumza ananisimulia yeye mwenyewe mpaka salio linakwisha. Mwambie nimeiona picha ya meno yake mapya, na kwamba nitaendelea kumtania hadi yatakapojipanga vizuri.

Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kusimama kituoni akangoja basi bila kuona kizunguzungu. Chakula ninakula, usingizi ninaupata, na kanisani nakwenda. Nalitaja hilo la kanisa mapema kwa sababu ukiisoma barua hii hadi mwisho unaweza kudhani nimebadili dini. Sijabadili, Mama. Bado ni Mmethodisti yuleyule uliyemkuta, na mdomo ni uleule.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Jebet, yule muuguzi ninayeishi naye chumba kimoja, anakwenda nyumbani likizo, na amekubali kuzunguka hadi kwako ili akuwekee barua hii mkononi. Mpe chai, ni mtu mzuri. Simu inafaa kwa habari za ng'ombe, lakini hili linataka uketi chini, ulisome, kisha ulisome tena kesho yake. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotukutanisha mimi na wewe, Mmeru na Mjaluo, tangu siku Collins aliponileta jikoni kwako nikasonga ugali mwepesi, nanyi mkaula wote bila kusema neno, kwa adabu.

Barua hii inamhusu Collins, na lile kaburi mlilolichimba kisha mkalifukia tupu.

Hatujawahi kulizungumzia tangu nilipoondoka, kwa hiyo nitaanza kwa kulikumbusha nilivyoliona mimi. Lori alilokuwa akiliendesha lilikutwa limeteketea kando ya barabara ya Juba, na Collins hakuonekana, hai wala maiti. Tulingoja. Wazee wa boma wakangoja nasi, hata wakachoka, wakasema sasa mwana wetu alazwe kwa desturi: likatwe tunda la yago, livishwe sanda, lizikwe mahali pake kwa jina lake, ili roho yake ijue pa kurudi. Kwetu Meru sikuwahi kusikia jambo la namna hiyo. Nilipoliona tunda lile refu limelazwa kwenye mkeka ndani ya nyumba yangu, nilidhani mnanichezea, na baadaye nikadhani vibaya zaidi, kwamba mnamroga mume wangu afe huko aliko. Ndipo nikasimama mbele ya shimo na kusema niliyoyasema. Wazee wakaamua kwamba mke asipokubali kusimama kaburini kama mjane hakuna mazishi, wakavaa kofia zao, wakaenda. Wewe hukunigombeza. Uliniambia tu usiku ule, ukiwa umemshika Stacy mapajani, kwamba mtoto asipolazwa halali yeye wala halali mama yake. Mwaka uliofuata nikaja Qatar.

Sasa nikueleze kuhusu mzee.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikimtunza mzee mmoja Mhindi, Mtamil, katika nyumba ya mwanawe kule Al Sadd, ghorofani. Jina lake lilikuwa Seshadri. Ninasema lilikuwa, na utaona kwa nini. Alikuwa mhandisi wa madaraja ya reli huko kwao, akastaafu, mkewe akafariki, na mwanawe Murali akamleta huku ili asikae peke yake. Moyo wake umepanuka, miguu inavimba. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpa dawa, kumpima presha na kumtembeza kwenye baraza jioni. Kwa mambo madogo alikuwa msumbufu asiye na mfano. Kahawa yake lazima iwe kwenye bilauri ya chuma, ile na si nyingine, na asubuhi moja nilipomletea kwenye kikombe cha kawaida aliiacha ikapoa, akanitazama kama niliyemtukana.

Kila asubuhi alikaa dirishani, amefumba macho, kimya kabisa. Nilipomuuliza anafanya nini, alinijibu kwamba anajiuliza yeye ni nani. Nikamuuliza tangu lini hajijui. Akasema hajawahi kujijua, ila sasa ndiyo kwanza anatafuta. Mama, mimi nimesomea kutunza wazee, na tulifundishwa dalili. Nikaenda moja kwa moja kwa madam, mkewe Murali, anaitwa Vasudha, nikamwambia mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Walitishika wakampeleka hospitali. Daktari akamuuliza jina lake. Mzee akamwambia kwamba hilo analoandika ni jina la mwili, wazazi ndio walioupa, lakini kama daktari anamtaka mwenyewe, basi wao wawili wanamtafuta mtu yuleyule. Daktari akaandika. Walirudi na dawa za ugonjwa wa kusahau, na Murali, aliyeelewa yote mara tu aliposimuliwa, alicheka ndani ya gari hata akalazimika kusimama kando ya barabara. Mzee hakucheka. Alisema kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza humo nyumbani aliyelichukulia swali lake kuwa jambo zito.

Kuanzia hapo akawa ananieleza mambo yake ninapomchua miguu. Nitakueleza nilivyoelewa, na kama nimekosea kosa ni langu. Kwa wahenga wao, mtu si mwili, kwa kuwa mwili ulikuwa wa mtoto, ukawa wa kijana, sasa ni wa mzee, na yeye yumo bado. Si jina, kwa sababu jina alipewa. Si huzuni wala furaha, maana hizo huja zikaenda, naye akabaki akizitazama. Sasa yule anayetazama ni nani? Wao wanasema huyo hakuzaliwa na hafi, na ukimjua kwelikweli utakuta hajatengana na Yule anayeshikilia ulimwengu mzima. Na kinachotuzuia tusimjue ni kushikilia. Tunashikilia watu, vitu, sifa, hata machungu, kisha tunasema hivyo ndivyo sisi. Nikamwambia sisi tuna roho, na Mungu aliyeiumba ndiye atakayeihukumu, hayo mengine siyajui. Hakubishana nami. Aliniomba tu nisikandamize sana kifundo cha mguu wa kushoto.

Halafu akaniambia anachotaka. Desturi yao ya kale ni kwamba mtu akishasoma, akaoa, akalea, akawaona wajukuu, anaweza kuyaacha yote na kutoka, bila mali, bila jina, bila jamaa, akamtafute huyo anayetazama kwa maisha yaliyobaki. Ila hatoki kwa kutoroka. Huwaomba watu wake ruhusa. Na kabla ya kutoka, hujifanyia matanga yake mwenyewe. Hujizika akiwa hai, ili asibaki mtu wa kumdai mwenzake chochote. Alikuwa ameshapata pa kwenda, nyumba ya watawa kando ya mto, si mbali na mji aliozaliwa. Kilichobaki ni ruhusa ya Murali.

Murali alikataa. Siku ile waligombana kwa Kitamil mpaka mtoto wao, Meenu, akaja kujificha nyuma yangu. Baadaye Murali alinikuta jikoni, akafungua friji na kusimama hapo bila kutoa kitu, akaanza kunieleza kwa Kiingereza, pengine kwa kuwa nilikuwa mgeni. Alisema mtu aliyejifanyia matanga, maiti yake haichomwi na mwanawe kama ya wengine. Huzikwa na watawa wenzake, kimya. Alisema tangu utoto alijua kwamba kazi ya mwisho ya mwana wa kiume ni kumwashia baba yake moto, na sasa baba anataka kumnyang'anya hata hiyo. Aliniuliza atawasha moto wa nani. Mama, nililia pale jikoni, na nikawa upande wa Murali moja kwa moja.

Jioni ile sikumchua mzee vizuri. Nilimwambia wazi kwamba anachotaka ni ubinafsi uliovishwa nguo ya dini. Nikamwambia yeye anaenda, ni rahisi kwake, mwenye kwenda haachwi na kitanda kitupu. Nikajikuta nimemtaja Collins. Nilimweleza habari za lori na za yago, na kwamba mimi sikukubali mume wangu afanywe tunda, na kwamba mpaka leo ninamshikilia kwa mikono miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole, ninachokishika ni nini. Nikasema ni Collins. Akauliza ni Collins gani. Nikaanza kusema, kicheko chake, anavyotembea bega moja likitangulia, anavyoita jina langu akiwa bado getini. Akasema hayo yote yamo ndani yangu, na ni mazuri, ila Collins hayumo mikononi mwangu na hajawahi kuwamo, hata alipokuwa amelala kando yangu. Nikamwambia anywe dawa zake alale. Nilirudi Al Mansoura kwa miguu kwa sababu sikutaka watu wa basi wanione uso.

Wiki kadhaa baadaye moyo wake ulizidiwa akalazwa. Madaktari walimwambia Murali kwamba hakuna zaidi la kufanya isipokuwa kumpumzisha. Sijui baba na mwana waliambiana nini pale kitandani, mimi nilikuwa nje na Meenu. Nilichokiona ni Murali akitoka, macho mekundu, akimwambia mkewe kwamba amekubali.

Kwa mgonjwa, desturi yao ina njia fupi, haihitaji moto wala umati. Ilifanyika sebuleni, mapazia yameshushwa, padri wao akiwa kwenye simu ya video kutoka kijijini kwao, mtandao ukikatika na kurudi. Mzee alikuwa amejitayarishia nguo mwenyewe. Alikuwa amelitia shuka jeupe rangi ya udongo mwekundu ndani ya beseni la kuogea, na beseni lile halijatakata mpaka leo. Madam alilia kwa ajili ya baba mkwe na kwa ajili ya beseni, yote kwa pamoja. Mzee aliufungua uzi mweupe wa dini yao aliouvaa begani tangu utotoni, akauweka majini. Halafu madam akaleta wali aliokuwa ameupika, na mzee akaufinyanga matonge, akachanganya na ufuta. Alimwekea tonge baba yake, na babu yake, na waliotangulia. Padri akasema jambo, kimya kikawa kirefu nikadhani mtandao umekatika tena, kumbe haukukatika. Mzee akafinyanga tonge la mwisho, akaliweka chini kando ya yale mengine, akalitajia jina lake, Seshadri. Murali akammiminia maji kiganjani.

Lilikuwa tonge la wali tu, Mama. Nililitazama nikaona tunda lile kwenye mkeka wetu. Hakuna aliyekuwa akimroga mzee, na hakuna aliyedanganyika kwamba wali ni mtu. Wote mle sebuleni walijua tonge ni nini. Walikuwa wamempa mpendwa wao mahali pa kuwekwa, kwa sababu mkono hauwezi kuachilia hivi hivi, lazima uwe na kitu cha kukiweka chini. Nilisimama nyuma ya kochi, mtu wa kazi, nikalia kuliko wenye msiba.

Usidhani kwamba yaliishia hapo kwa amani. Kuanzia siku hiyo mzee alitangaza kwamba Seshadri hayumo tena nyumbani humo, na yeye si baba wala babu wa mtu. Murali alivumilia, madam alivumilia, lakini Meenu ana miaka mitano. Asubuhi moja alikuja na kiatu chake cha shule mkononi, kama alivyozoea, ili babu amfungie kishikizo. Akamwita Thatha, ndivyo wanavyomwita babu kwa lugha yao. Mzee akautazama ukuta. Akamwita tena, akamgusa goti. Mzee akafumba macho. Mtoto akasimama pale kidogo, akaondoka na kiatu chake, na hakuingia tena chumba kile. Akawa anakula kidogo na kulala chini ya meza. Nilikasirika. Nilimfanyia mzee kila kitu ninacholipwa kukifanya, ila sikumsemesha hata neno.

Siku chache baadaye niliingia na kahawa nikamkuta analia, kwa sauti, kama mtoto. Aliniomba nimwite Meenu, na aje na kiatu. Mtoto alikuja ameshika gauni langu. Mzee akamfungia kishikizo, ilichukua muda mrefu, na aliitikia kila alipoitwa Thatha. Mtoto alipokwenda zake, mzee aliniambia neno ambalo ndilo hasa linalonifanya nikuandikie. Alisema alikuwa amefunga mlango akasema kufunga kule ndiko uhuru. Alidhani kuachilia ni kutopenda. Kumbe alikuwa hajaachilia kitu, alikuwa amekishikilia kitu kingine kipya, sura yake mwenyewe akiwa mtu mtakatifu aliyeachilia, na kwa ajili ya sura hiyo alimtesa mtoto. Alisema ugumu si utawa. Na kwamba kuachilia kwenyewe, kama atakufa amekujua walau kidogo, ni kumpenda mtu bila kumwambia awe wako.

Nilitoka na ile bilauri nikaenda kusimama bafuni. Maneno yale hakunilenga mimi, Mama, lakini yalinipata. Yeye aliuita ugumu wake utawa, na mimi wangu niliuita uaminifu. Kwa uaminifu huo nimekufungia mlango miaka yote hii, wewe uliyemzaa, ukabaki nje ya mlango huo, na mwanao hana kaburi la kuwekea maua. Nimekuwa nikisema ninamngoja Collins. Nilikuwa nikimshikilia Kendi anayemngoja Collins, mke mwema ambaye hakukubali, na nilipenda watu wamwone.

Mzee ameondoka sasa. Murali alimpeleka mwenyewe hadi kwenye ile nyumba ya kando ya mto, na mimi na Meenu tukawasindikiza uwanja wa ndege, mimi nikisukuma kiti cha magurudumu. Aliniambia njiani kwamba aliyejizika haruhusiwi kugeuka nyuma akishatoka. Walipofika mahali pa kukaguliwa pasipoti, aligeuka, akamtafuta Meenu kwa macho hata akamwona, akampungia mkono huku akicheka. Murali ameniambia tangu hapo kwamba amedhoofika sana, na kwamba yuko sawa.

Sasa nikuambie nilichokuficha, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini imenichukua muda mrefu.

Sikuja Qatar kwa ajili ya karo ya Stacy. Karo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Kabla sijaondoka, mtu mmoja wa Busia aliyewahi kufanya kazi huku aliniambia sokoni kwamba amemwona Collins kwa macho yake, analinda geti la shamba kule Umm Salal, bega moja likitangulia. Sikukuambia, niliogopa utaninyamazisha, na zaidi niliogopa utaamini. Nilikuja kumtafuta mwanao. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilipanda basi kwenda Umm Salal, nikapita geti kwa geti, nikiulizia. Na nilimpata huyo mtu. Alikuwa amenipa mgongo, anafungua geti, na ulikuwa mgongo wa Collins, shingo ya Collins, bega lile. Niliita. Aligeuka, na hakuwa yeye.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Ijumaa iliyofuata nilirudi. Nilimpelekea chapati, nikamwambia nimefurahi kumpata Mkenya. Na nikaendelea kwenda, Mama, karibu kila Ijumaa mpaka juzi. Anaitwa Mwaura. Nilikuwa nikiketi kwenye benchi lake, nikimtuma maji au nikimwomba aniangalie kama basi linakuja, nisiyekuwa na kiu wala haraka, ili tu ainuke aende nami nibaki kuutazama mgongo wake. Akigeuka kurudi nilikuwa nikiangalia chini. Kwa muda alifikiri ninamtaka, akaniambia kwa heshima kwamba ana mke. Nikamwambia namwona kama kaka. Hata Jebet hajui ninakwenda wapi.

Ijumaa iliyopita, baada ya mzee kuondoka, nilikwenda nikamwambia Mwaura ukweli wote. Alichezacheza na filimbi yake ya kazi. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sijaweza kuyatoa kichwani: "Sista, hiyo nilijua kitambo. Unaniangalianga ni kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Lakini mimi ni Mwaura wa Nyahururu, niko na bibi na watoto. Usinifanye kaburi ya mtu."

Lori likapiga honi nje. Aliinuka akaenda kulifungulia geti, nami nikamtazama kama nilivyokuwa nikimtazama siku zote, na nikaona mgongo wa Mwaura. Anainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo Collins hakuwa nalo. Sikuwahi kuliona. Nilimwomba msamaha, akanisindikiza hadi kituoni, tukaagana, na leo Ijumaa sikwenda. Nimekaa chumbani kukuandikia.

Mama, mwambie Tony akaulizie yago. Asilikate bado, lingoje nije, kwa kuwa wazee walisema mke lazima asimame kaburini na safari hii nitasimama. Murali amenipa likizo, nitafika mwanzoni mwa Desemba. Nina shati lake moja la kijani nililolibeba huku. Nitalileta, tulivishe tunda shati hilo. Desturi nyingine zote za mjane kwenu nisizozijua, nielekeze wewe polepole, na mahali nitakaposhindwa kwa ajili ya kanisa langu tutazungumza, nakuahidi sitapiga kelele. Na wazee uwaombe radhi kwa niaba yangu, walau waje kunywa chai kabla hawajaketi kunihukumu.

Stacy usimwambie. Nitamwambia mimi mwenyewe, nikiwa nimempakata, kwamba baba yake amekufa. Ndiyo mara ya kwanza ninaliandika neno hilo, na mkono haujakauka.

Nisalimie Tony na watu wa boma lote. Wasalimie wamama wa Ijumaa ya maombi, na yule jirani anayeniulizia kila siku kama Qatar kuna mvua, mwambie haipo. Jebet akichelewa kwako usiku ukaingia, usimruhusu atembee, mlaze kwa nyumba yangu, godoro liko juu ya kabati. Wewe jitunze magoti, usiende mtoni, Stacy ameshakua, anaweza kubeba ndoo ndogo. Usiku wa leo jaribu kulala, Mama. Nami nitajaribu.

Mkweo akupendaye,

Carolyne Kendi,
mjane wa Collins Onyango